Kaka Aliyepoteza Hesabu



Leo twawaomba mketi pamoja nasi katika nyumba moja ya Walikale, jioni, moto ukiwaka na sufuria ya sombe ikiwa jikoni. Nyumba hiyo tumeitunga sisi wenyewe, basi msiitafute kijijini. Hata hivyo wengi wenu mtaitambua, maana mambo yake yaweza kukuta jamaa yo yote.

Mzaliwa wa kwanza wa nyumba hiyo alifanya kazi Bisie. Alianza kwa kubeba magunia, kisha akawekwa kwenye mizani, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa safi. Uzito wa gunia, deni la mchimbaji, bei ya siku, yote aliyashika kichwani, na jioni akayaandika katika daftari bila kukosea. Usiku mmoja watu wenye silaha waliingia kambini. Kijana akakimbia, akarudi kwao kwa miguu kupitia msituni. Mwilini hakuwa na jeraha hata moja. Lakini tangu siku ile amebadilika. Akitumwa sokoni kuleta chumvi, sabuni na mafuta, hurudi na sabuni tu. Akihesabu fedha, hufika katikati, akapotea, akaanza upya. Watu wakizungumza naye, yeye hutazama mlango. Usiku halali.

Baba asema: "Huu ni uvivu. Amezoea fedha za mgodi, sasa jembe linamchosha."

Shangazi asema: "Amerogwa na wale waliomwonea wivu kwa ajili ya mizani."

Ndugu yake mdogo, aliyemaliza sekondari, asema: "Akili ya kaka imekwisha. Haitarudi tena."

Na mama? Mama auliza swali moja tu: "Rafiki zake wamekuja jana. Wanataka aende nao shimoni mwezi ujao. Nimwache aende?"

Tazameni vizuri, ndugu wasomaji. Wale watatu wa kwanza wamekwisha kutoa hukumu, wala hakuna aliyepima kitu. Mama peke yake ndiye anayeuliza jambo lenye kuhitaji kipimo. Na swali lake ni la kufa na kupona.

Bisie ni mlima katika msitu mkubwa wa Walikale. Tangu mwaka 2002 watu walimiminika huko kuchimba mawe ya bati, yaitwayo kasiterite. Bati hiyo hutumika kulehemu viungo vidogo vya ndani ya simu na kompyuta za dunia nzima. Kwa miaka mingi hapakuwa na barabara ya kufika mlimani. Wapagazi walikata msitu na mizigo ya kilo 50 mgongoni, na ndege zilitua juu ya lami ya barabara huko Kilambo ili kuyachukua mawe. Wanajeshi na makundi ya silaha waliugombea mlima ule. Mwezi wa Septemba 2010 Serikali ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, ikauruhusu tena Machi 2011. Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza kutoa bati kwa mashine kubwa. Machi 2025, vita vya M23 vilipoelekea Walikale, kazi hiyo ilisimama, ikaanzwa tena Aprili.

Mchimbaji wa nyundo na tindo huishi kwa masikio na macho yake. Mwenzake ameshika tindo, yeye apiga nyundo: akitazama pembeni mara moja tu, mkono wa mwenzake umevunjika. Mwamba hulia kidogo kabla haujaanguka. Asiyesikia kilio hicho hatoki. Hewa ikiwa nzito, yampasa atambue upesi. Tena lazima ahesabu ni wangapi waliingia na wangapi wametoka. Kwa hiyo uangalifu ukipungua kwa mmoja, hatari ni ya wote walio pamoja naye.

Sasa tuulize: uangalifu huo ni kitu gani? Wataalamu wa nafsi wafundisha kwamba una sehemu kadha wa kadha. Ya kwanza ni kukesha, yaani kudumu katika jambo moja kwa muda mrefu pasipo kuchoka, kama mlinzi wa shamba anayengoja nyani. Ya pili ni kuchagua, kama mama awezavyo kuisikia sauti ya mtoto wake katika kelele za soko. Ya tatu ni kushika mambo machache kichwani kwa muda mfupi huku ukiyafanyia kazi: bei, kiasi, na fedha za kurudisha. Ya nne ni kuhama, yaani kuacha jambo moja na kulishika jingine bila kuchanganya. Mtu aweza kuumia katika sehemu moja, na nyingine zikabaki nzima.

Maradhi ya akili huziumiza sehemu hizo kwa njia mbalimbali. Aliyepatwa na mshtuko wa vita, akili yake imewekwa zamu usiku na mchana. Yalinda mlango, yasikiliza hatua za miguu, yanusa moshi; itapata wapi nafasi ya kukumbuka chumvi na mafuta? Mwenye huzuni kuu, mawazo yake huzunguka mahali pamoja kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, na kila kazi ya akili humwia nzito. Mwenye skizofrenia, ambaye pengine husikia sauti wasizozisikia wengine, hupata shida ya kuchagua sauti ya kufuata. Tena yafaa kujua jambo hili: dawa zaweza kuzinyamazisha sauti zile, lakini uangalifu na kumbukumbu zikabaki dhaifu. Jamaa husema, "Amepona, mbona hafanyi kazi?" Kumbe sehemu moja ya ugonjwa imepungua, na nyingine ingalipo. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba kurudi kwa mgonjwa wa namna hiyo katika kazi na maisha ya watu mara nyingi hutegemea zaidi nguvu za akili hizo kuliko sauti zenyewe.

Wala msidhani kwamba tunazungumza juu ya watu wachache. Mwaka 2010 watafiti waliwahoji watu wazima 998 katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, mahali walipoweza kufika. Yapata nusu yao walikuwa na dalili za mshtuko wa vita, na wanne katika kila kumi walikuwa na dalili za huzuni kuu. Je, wote hao ni wavivu? Wote wamerogwa?

Basi, uangalifu hupimwaje? Hakuna sindano wala mashine ya picha iwezayo kutuambia kiasi chake. Hupimwa kwa kumpa mtu kazi ndogo na kutazama jinsi anavyoifanya. Katika karne ya 19 mganga Mjerumani Emil Kraepelin aliwapa watu safu ndefu za namba, wajumlishe mfululizo, naye akaangalia jinsi mwendo wao unavyobadilika kadiri wanavyochoka. Mwaka 1956 wataalamu wa Marekani walieleza jaribio ambalo hutumika hata leo kwa sura nyingi: herufi zapita moja moja mbele ya macho, na mtu abonyeze kitufe kila aonapo ile aliyoagizwa. Kazi ni nyepesi mno, na ndiyo maana inachosha. Akikosa kubonyeza, uangalifu umelala. Akibonyeza pasipostahili, haraka imemshinda.

Mengine yaweza kufanywa kwa kinywa tu, mezani, katika zahanati. Muuguzi ataja namba, tuseme tano, mbili, tisa, na mgonjwa azirudie. Kisha azirudie kinyume, kuanzia ya mwisho. Au aambiwe ataje siku za juma toka Jumapili kurudi nyuma. Au asomewe herufi nyingi, naye apige meza kila asikiapo A. Au apewe maneno matano, jembe, ndizi, mbuzi, mvua, kitanda, na baada ya dakika chache aulizwe ni yapi anayoyakumbuka. Kwa wagonjwa wa skizofrenia wataalamu wa Marekani waliunganisha majaribio 10 kuwa fungu moja, yapimayo mambo saba, tangu wepesi wa kufikiri hata uwezo wa kushughulika na hisia zetu na za wenzetu. Walifanya hivyo kwa sababu jaribio moja peke yake halitoshi kumweleza mtu.

Lakini hapa, ndugu wasomaji, hatuna budi kusimama kidogo. Kila mtu wa Bisie ajua kwamba mizani mbovu ni mwizi. Na mizani ya akili imewahi kuwaibia Waafrika wengi.

Huko Afrika ya Kusini, katikati ya karne ya 20, Simon Biesheuvel alitengeneza majaribio ya kuwagawa wachimbaji wa dhahabu katika kazi zao. Kwa kuwa wachimbaji walikuwa wa lugha nyingi, maelezo yalitolewa kwa sinema isiyo na maneno. Angalau alijua kwamba mtu asiyeelewa swali hawezi kupimwa kwa jibu lake. Wengine hawakujali hata hilo. Daktari J. C. Carothers, aliyepewa uongozi wa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika, nacho kikachapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Alishika kipimo cha Ulaya, akakiweka juu ya watu wa bara jingine, na pale walipotofautiana na Wazungu akasema wamepungukiwa.

Jibu zuri kwa kosa la namna hiyo lilitoka kwa watoto. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha matokeo ya kazi aliyofanya na watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Watoto wote walitakiwa kuiga maumbo. Walipotumia kalamu na karatasi, wale wa Manchester walishinda. Walipopewa waya wa kupinda, wale wa Lusaka walishinda, kwa maana tangu utoto hujitengenezea magari ya waya, kama wafanyavyo watoto wa Walikale na Masisi. Walipofinyanga udongo walilingana. Akili za watoto zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kitu walichotiwa mkononi.

Kwa hiyo anayempima kijana wetu na aangalie mambo haya. Ampime kwa lugha anayoiota usiku, ikiwa Kinyanga, Kirega, Kikumu au Kiswahili. Aulize kwanza alisoma hadi darasa gani, maana herufi si kipimo cha haki kwa asiyezijua. Aulize kama amekula, kama amelala, kama ana homa, kama amekunywa pombe, kama macho na masikio yake ni mazima. Aulize ni dawa gani anazotumia, kwa kuwa baadhi yake huleta usingizi. Na alinganishe matokeo yake na ya watu wa nchi yake, wenye umri na elimu kama yeye. Kilicho bora zaidi ni kumlinganisha na yeye mwenyewe wa jana. Kijana huyu aliwahi kushika deni za mgodi mzima kichwani. Akishindwa leo kushika vitu vitatu vya sokoni, tofauti hiyo yasema zaidi kuliko namba yo yote iliyotoka katika kitabu cha ng'ambo.

Mfano mwema twaupata hapa hapa mashariki ya Kongo. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa na wataalamu wa Marekani pamoja na Wakongo katika vijiji ambamo wanawake walikuwa wametendewa jeuri ya kinyama. Wanawake 157 walipewa matibabu ya mazungumzo katika vikundi, wakijifunza kuyachungua mawazo yanayowatesa. Wengine 248 walipewa faraja na msaada wa mmoja mmoja. Wengi wao hawakujua kusoma, hivyo masomo yakageuzwa ili yashikwe kwa kusikia na kukumbuka, pasipo karatasi. Wakufunzi hawakuwa madaktari, walikuwa wanawake wa huko huko waliofunzwa kazi hiyo. Na kipimo je? Pamoja na maswali juu ya huzuni na woga, waliulizwa juu ya kazi za kila siku ambazo wanawake wa sehemu zile huziona kuwa muhimu, kama vile kulima na kupika. Miezi sita baada ya matibabu, katika kundi la kwanza ni 9 tu katika 100 waliobaki na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa huzuni au wasiwasi. Katika kundi la pili walikuwa 42 katika 100. Utafiti huo haukupima uangalifu kwa namba na herufi. Lakini watufundisha mambo mawili yatufaayo leo: majeraha ya namna hii hupona, na kipimo cha haki huanza na maisha ya mpimwaji.

Sasa turudi nyumbani kwa mama yule. Afanye nini?

Kwanza, aache kumjaribu mwanawe mbele ya watu. "Hebu hesabu, tukuone!" ni maneno yanayochoma, na mwenye hofu hushindwa hata katika ayajuayo. 

Pili, achukue daftari, na kwa muda wa majuma mawili aandike au amwambie mtoto wa shule aandike: amelala saa ngapi, ameanza kazi gani, ameimaliza au ameiacha, amesahau nini, ni saa ngapi za siku anapokuwa na nafuu. Hakika daftari hilo ni kipimo bora, na mganga atalishukuru.

Tatu, ampeleke kwenye kituo cha afya pamoja na daftari, ili ichunguzwe kwanza kama hakuna ugonjwa wa mwili, kwa mfano kifafa au malaria. Ikihitajika apelekwe mbele. Mjini Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME. Vyote viwili ni kazi ya Mabruda wa Upendo, shirika lililoanzishwa na Padre Triest mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807, nalo limezoea tangu zamani kuwatunza wagonjwa wa akili. Twajua kwamba njia ni ndefu, tena vita huikata. Ndiyo maana daftari la nyumbani lina thamani: njia ikifunguka, miezi ya kungoja haitakuwa imepotea bure.

Nne, akiandikiwa dawa, asiziache kwa shauri la jirani. Wala asifungwe kamba, wala asipigwe ili "pepo" amtoke. Kamba haikumrudishia mtu ye yote hesabu yake.

Tano, apewe kazi moja kwa wakati mmoja. Usimwambie, "Nenda sokoni, pita kwa mjomba, urudi na mbuzi." Mwambie, "Nenda kalete chumvi." Akirudi, mtume tena. Vitu vikiwa viwili, apewe karatasi, au afunge mafundo mawili katika uzi. Yapo pia mazoezi ya akili yanayofundishwa na wataalamu, nayo huleta faida ya kiasi, hasa yakiunganishwa na kazi ya kweli.

Sita, matokeo ya vipimo ni mali ya mgonjwa, kama siri yo yote ya mganga. Yasipelekwe kwa tajiri wa mgodi wala kusomwa kilabuni.

Je, aende shimoni mwezi ujao? La, mama, asiende. Asiye na usingizi, anayepotea katikati ya hesabu ya fedha kidogo, hawezi bado kulinda uhai wake na wa wenzake chini ya mwamba. Rafiki zake waambiwe kweli bila aibu, kama vile mngewaambia kwamba mguu wake umevunjika. Baada ya miezi mitatu apimwe tena, kwa namba nyingine na maneno mengine, kwa sababu mtu akirudia jaribio lile lile hulikariri, na mpimaji akadhani amepona. Alinganishwe tena na daftari. Hata akiwa na nafuu, aanze na kazi ambamo kosa halimwui mtu: shamba, kisha duka dogo la mjomba, kisha labda mizani.

Na baba, shangazi na ndugu mdogo tuwaambie nini? Baba, mvivu hafurahii kuitwa mvivu, lakini huyu hulia akiwa peke yake, mfuateni mkaone. Shangazi, ikiwa kuna waliomwonea wivu, wivu wao haukumwingiza usiku ule kambini. Walioingia walikuwa na bunduki. Nawe ndugu mdogo, umesoma, basi usiseme "imekwisha" juu ya kitu usichokipima. Wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe ndiwe mwenye kalamu katika nyumba hiyo. Shika daftari, anza leo jioni. Juu ya ukurasa wa kwanza andika tarehe, na chini yake uandike jambo moja ambalo kaka yako ameliweza leo.

Hayo yatoshe kwa juma hili.